Ukimwambia mama akimbie, mwambie na pa kwenda

SEHEMU YA 1: MANENO YA KWENYE BASI

Najua niliwaahidi mada ya vidonda vya matiti kwa wanaonyonyesha. Hiyo itakuja, msijali. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nisipolisema sitalala. Litakuwa refu, nimeligawa sehemu sita. Weka mtoto alale, kaa chini, soma mpaka mwisho ndipo utoe maoni. Siyo unasoma sehemu ya kwanza halafu unakuja kunitukana.

Nilikuwa natoka Dar narudi Mtwara. Mnaoijua ile barabara mnajua, ukishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji watu wanaanza kuchoka, wanaanza kupiga stori. Tulipokaribia Somanga, konda akaonyesha pale barabara ilipokatika Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya. Kijana mmoja wa siti ya nyuma akacheka. Akasema, "Hidaya gani? Kile kimbunga hewa? Watu walifunga maduka, boti za Zanzibar zikasimama, watu wakakimbia na magodoro, halafu ikaja mvua!" Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nasema ukweli wangu, nilicheka.

Mama niliyekaa naye siti moja hakucheka. Ni mtu mzima kidogo kunizidi, amejifunga mtandio, ana mfuko wa korosho mapajani. Tangu Mbagala tulikuwa tumesalimiana tu. Akanigeukia akasema taratibu, "Mdogo wangu, mimi niliwahi kukimbia kimbunga hewa. Kilikaribia kuniulia mwanangu kabla hakijafika. Na bado miaka mitatu baadaye nilikimbia tena."

Nikaacha kucheka. Nikamwambia, "Dada, hebu nisimulie."

Alinisimulia mpaka tunaingia Lindi. Nilimwomba ruhusa niwaandikie, akakubali, ila jina lake nimeliacha kwake.

SEHEMU YA 2: SAFARI YA MASAA MANNE ILIYOKULA SIKU NZIMA

Huyu dada ni mtoto wa Mikindani. Aliolewa, akamfuata mumewe Marekani, jimbo la Texas. Walikuwa wanaishi mji mdogo wa pwani kati ya Houston na Galveston. Alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wazee.

Mwaka 2005 mwanawe wa kwanza alikuwa na miezi minne. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Kimbunga Katrina kilikuwa kimepiga New Orleans, kingo za kuzuia maji zikabomoka, zaidi ya watu 1,300 wakafa. Dunia nzima iliona kwenye televisheni watu wako juu ya mapaa wanapunga mashuka. Wiki tatu tu baadaye ikatangazwa kuna kingine kinakuja, kinaitwa Rita, na kikiwa bado baharini kilifika daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa. Kinaelekea Texas.

Sasa jiweke wewe. Umetoka kuona maiti za New Orleans kwenye luninga. Una mtoto wa miezi minne. Unaishi pwani. Utasubiri nini?

Kila mtu alifikiri hivyohivyo. Inakadiriwa watu kati ya milioni 2.5 na milioni 3 waliingia barabarani karibu kwa wakati mmoja. Walioambiwa wahame waliondoka, na ambao hawakuambiwa, wanaokaa mbali kabisa na bahari, nao wakaondoka kwa woga. Yeye na mumewe walitoka alfajiri ya Alhamisi, tarehe 22 Septemba, kwenda Dallas. Houston mpaka Dallas ni kama kilomita 380, mwendo wa masaa manne kwa gari.

Baada ya masaa ishirini walikuwa Huntsville. Hapo hata nusu ya njia hujafika.

Joto la siku zile lilikaribia nyuzi 38. Wakazima kiyoyozi cha gari ili mafuta yasiishe, kwa sababu sheli zote njiani zilikuwa zimekauka. Magari yaliyoishiwa mafuta yalisukumwa pembeni, watu wamekaa kwenye majani na watoto wao. Maji waliyobeba yaliisha mchana. Mtoto alikuwa anatumia maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo bila maji ni unga tu.

"Ilipofika jioni," alisema, "mtoto aliacha kulia. Mume wangu akasema, afadhali amelala. Mimi nilimgusa, nikajua hajalala."

Wanaofanya kazi kama yangu mmeshaelewa. Mtoto mchanga anayelia kwa joto bado ana nguvu. Anayenyamaza, akawa mlegevu, pampasi kavu tangu asubuhi, utosi umebonyea, huyo anaondoka.

Mwanamke wa gari la jirani, mtu wasiyejuana hata lugha, aliona. Akateremka na chupa ya maji na kitambaa. Akamlowanisha mtoto kichwa, shingo na kifua, akaashiria wachanganye maziwa, wampe kidogokidogo kwa kijiko. Baada ya muda mtoto akakojoa. Dada yule alisema hajawahi kufurahia mkojo maishani kama siku ile.

Na kimbunga je? Rita kilipungua nguvu, kikakata kona kuelekea mashariki. Tarehe 24 Septemba kikaingia nchi kavu kwenye mpaka wa Texas na Louisiana. Kule kiliharibu sana. Lakini waliporudi kwao Jumatatu, hata vyungu vya maua vilikuwa vimesimama pale pale kibarazani.

Jirani aliyebaki alikuwa amekaa anakunywa kahawa. Akawauliza, "Safari ilikuwaje?" Akicheka.

SEHEMU YA 3: WALIOKUFA NJIANI

Hapa nataka mnielewe vizuri, maana najua kuna watu tayari wanaandika, "Si unaona? Bora kubaki."

Kule Texas zaidi ya watu 100 walikufa kwa mambo yanayohusiana na Rita, na sehemu kubwa ya vifo hivyo vilitokea kwenye kuhama, siyo kwenye upepo. Watu walikufa kwa joto wakiwa kwenye foleni. Wagonjwa walizidiwa ndani ya magari. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba, karibu na Dallas, basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee liliwaka moto. Moto ulianzia kwenye gurudumu la nyuma. Ndani kulikuwa na mitungi ya oksijeni ya wagonjwa, ikalipuka. Wazee 23 walifariki. Wale wazee walikuwa wanaokolewa. Waliwekwa kwenye basi ili wapone.

Mimi kama nesi hili ndilo lililonichoma. Ni watu wa kwangu wale. Ni wale ambao hawawezi kuteremka kitandani mpaka umshike mkono.

Sasa nani wa kulaumiwa? Tumlaumu mama aliyekimbia? Tumlaumu mtabiri wa hali ya hewa? Mtabiri alisema kuna hatari, na hatari ilikuwepo. Kimbunga kukata kona siyo uongo wa mtabiri. Kimbunga kinasukumwa na upepo wa juu, na njia yake inabadilika. Anayekupa tahadhari siku tatu kabla anakwambia eneo ambalo kinaweza kupita. Namba ya nyumba yako hawezi kukupa.

Kosa lilikuwa hapa: watu waliambiwa "ondokeni" bila mpango uliotimia. Njia za upande wa pili, ambazo zilikuwa tupu kwa sababu hakuna anayekwenda pwani, zilichelewa kufunguliwa kwa wanaohama. Mafuta hayakuwa yameandaliwa. Hakukuwa na utaratibu wa nani aanze na nani asubiri. Na hii ndiyo nchi tajiri kuliko zote duniani, ambapo karibu kila nyumba ina gari. Kwa hiyo ukiniambia "wenzetu wana magari, sisi maskini tufanyeje", nakujibu: magari yale yale ndiyo yaliyogeuka mtego. Wale watu walikosa mpango tu, siyo mali.

Ushahidi ni huu. Baada ya Rita walikaa chini wakapanga upya. Wakaandaa mabasi kwa wasio na magari. Wakaweka namba moja ya simu ya kujiandikisha kama una mgonjwa au huna usafiri. Wakagawa maeneo, wa pwani waondoke kwanza, wa bara wabaki walipo wasizibe njia. Mwaka 2008 kikaja Kimbunga Ike. Mpango ulikuwepo safari hii, na kuhama hakukuwa tena ile balaa ya 2005.

Lakini safari hii tatizo likahamia kwenye vichwa vya watu. Watu walikuwa wamechoka. Walikumbuka foleni ya 2005. Walikumbuka kahawa ya jirani.

Mume wa huyu dada alikuwa mmoja wao. Akasema, "Mimi sikimbii tena kimbunga hewa. Wewe nenda na watoto kama unataka."

SEHEMU YA 4: ALIYEKWENDA NA ALIYEBAKI

Akaenda. Alikuwa na watoto wawili sasa. Mume akabaki kulinda vitu. Dada akapanda gari la mfanyakazi mwenzake, siku mbili kabla, mapema, wakati barabara bado ina nafasi. Safari hii alikuwa na begi ambalo lilikaa nyuma ya mlango tangu 2005. Maji, dawa, vyeti, nguo za watoto, kijiko.

Nikamuuliza, "Kijiko cha nini?" Akanitazama. Nikaona aibu.

Ike kiliingia Galveston usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba 2008. Kwa upepo kilikuwa daraja la 2 tu, na hapo ndipo wengi walijidanganya, "si kidogo hiki". Lakini kilikuwa kipana mno, kikasukuma bahari mbele yake. Maji ya kimbunga ndiyo yanayoua kuliko upepo wake, hilo mlishike. Galveston wanalijua tangu 1900, kimbunga kilipofunika mji ule na kuua watu wasiopungua 6,000, mpaka wakajenga ukuta wa bahari. Upande wa pili wa mlango wa ghuba, kwenye rasi ya Bolivar ambako hakuna ukuta, mwaka huo wa 2008 kuna mitaa iliyofutika, zikabaki nguzo. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeonya waziwazi kwamba atakayebaki kwenye nyumba za chini kule ufukweni atakufa. Kuna waliobaki. Kuna ambao hawakuonekana tena.

Mume wake alipona. Maji yaliingia saa nane usiku, yakapanda mpaka kifuani, akavunja mbao akapanda darini. Alikaa kule gizani mpaka asubuhi anasikia friji linagonga ukuta kama mtu anapiga hodi.

"Aliporudi kwetu," dada alisema, "hakusema kitu. Alimchukua yule mkubwa, aliyekuwa wa miezi minne mwaka ule, akampakata siku nzima. Mtoto ana miaka mitatu anataka kwenda kucheza, baba hamwachii."

Basi lilikuwa kimya. Nikageuka, yule kijana wa siti ya nyuma alikuwa anasikiliza. Hakuomba msamaha wala nini, vijana mnawajua. Ila aliacha kucheka.

SEHEMU YA 5: SASA NISEME YANGU

Mpaka hapa mngeweza kusema nesi ametuletea hadithi ya Wamarekani. Sasa nakuja kwetu, na naanza na mimi mwenyewe.

Aprili 2019, Kimbunga Kenneth. Mnaokumbuka, ilikuwa mwezi mmoja tu baada ya Idai kupiga Beira, Msumbiji, ambako mamia ya watu walikufa na baada ya maji kikaja kipindupindu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza Kenneth kinakuja upande wetu wa kusini. Shule zikafungwa, watu wa mabondeni na wa karibu na bahari wakaambiwa wahamie sehemu za juu. Mimi nilikuwa wodi ya wazazi. Tukawa tunaruhusu wanaoweza kuruhusiwa.

Kulikuwa na mama mmoja, uzao wa kwanza, ana siku mbili tangu ajifungue. Nyumba yao ipo chini kabisa, karibu na mikoko. Nikampa karatasi zake nikamwambia, "Usirudi kule chini. Ondoka, nenda sehemu salama." Akaniuliza, "Wapi, nesi?" Nikamwambia, "Nenda hata kwa ndugu." Nikaenda kitanda kingine. Nilikuwa na haraka, na nilijiona nimefanya kazi yangu.

Hakuwa na ndugu pale mjini. Mumewe alikuwa baharini. Alilala usiku ule kwenye sakafu ya darasa, na kitenge kimoja, na mtoto wa siku mbili. Kenneth hakikutupiga sisi. Tarehe 25 Aprili kiliingia Cabo Delgado, kwa wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, kikaua watu. Sisi tulipata mawingu na upepo, watu wakaanza utani wao.

Baada ya siku tatu yule mama alirudi. Mtoto wa baridi, hanyonyi, kitovu kinanuka. Tulimpigania, akapona, namshukuru Mungu. Lakini yule mama aliniambia neno moja bila hasira, na ndilo lililonifanya nisipumue vizuri kwenye lile basi: "Uliniambia niondoke. Hukuniambia niende wapi."

Kwa hiyo hasira yangu leo inaanza na mimi, halafu inakuja kwenu.

Wewe unayecheka "kimbunga hewa". Mtoto wako umemchanja surua. Hajaugua surua. Je, ulichanja bure? Umefunga mkanda wa gari miaka kumi, hujapata ajali. Mkanda ule ni hewa? Hidaya kilipungua nguvu kikaingia karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, tukashukuru. Lakini mvua zake zilikata barabara hii hii tuliyopita, na mama mwenye rufaa ya kwenda Dar siku ile hakwenda. Huyo muulize kama kilikuwa hewa. Na ukitaka kusema pwani yetu haina vimbunga, waulize wazee wa Lindi habari za 1952, au soma jinsi kimbunga cha Aprili 1872 kilivyong'oa mikarafuu ya Unguja. Kwetu havifiki mara nyingi kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mara moja ikifika, inatosha.

Wewe unayesema, "Mungu atalinda." Amina. Na mimi naswali. Lakini ukiwa na uchungu hukai nyumbani ukasema Mungu atazalisha, unakuja hospitali. Dua na begi havigombani.

Wewe baba. Hapa nasema kwa heshima. Nimeona wanawake wanaosubiri ruhusa ya kwenye simu. Uchungu umekolea, mtoto anadegedega, maji yanaingia, anapiga simu haipatikani, anasubiri. Mpe mke wako ruhusa leo, kukiwa na jua. Mwambie, "Ikitangazwa hatari, usinisubiri. Chukua watoto, nenda, utanikuta." Haikupunguzii ubaba hata kidogo.

Na wewe unayesema "wananchi wabishi, hawasikii". Wewe unayeshika kipaza sauti. Na sisi wa afya tumo humo humo. Mama anayebaki siyo mbishi. Ana kuku saba ndiyo akiba yake yote. Ana bibi asiyetembea. Hana nauli. Akitoka, mlango utavunjwa. Tunamwita mbishi kwa sababu kumwita mbishi ni bure, basi linagharimu. Ni kama tunavyomgombeza mjamzito aliyechelewa, "Si tulikwambia uje mapema usubirie karibu na hospitali?" Tulimwambia, ndiyo. Tulimuuliza watoto wanne anawaacha na nani?

Msimamo wangu ni huu, na sitaurudisha: tangazo la kuhama lisilosema uende wapi, kwa usafiri gani, na mgonjwa abebwe na nani, halijakamilika. Ni karatasi ya rufaa bila gari. Ukisoma tangazo la namna hiyo, uliza. Mwenyekiti wa mtaa muulize. Diwani muulize. Sasa, siyo siku ya upepo: "Mtaa wetu unahamia shule gani? Funguo anakaa nayo nani? Kuna choo? Kuna maji? Wazazi waliojifungua juzi wanalala wapi?" Mkiuliza watano mtaonekana wasumbufu. Mkiuliza hamsini, patatengenezwa orodha.

SEHEMU YA 6: BEGI LA NYUMA YA MLANGO

Sitaki mmalize kusoma mkiwa na hasira tu. Hivi ndivyo vya kufanya wiki hii.

Moja, jueni mnakokwenda. Chagueni sehemu mbili, moja ya karibu ya juu, moja ya mbali kwa ndugu au rafiki. Mpigie huyo ndugu leo, mwambie, "Siku moja naweza kuja usiku na watoto." Asikushangae siku hiyo.

Mbili, begi. Kadi za kliniki za watoto na ya mjamzito, vyeti, kitambulisho, kadi ya bima kama ipo, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Dawa za kila siku za angalau wiki moja: za presha, kisukari, kifafa, TB, ARV. Hizi siyo za kuacha hata siku moja. Insulini iende na wewe mahali pa baridi, chungu chenye mchanga wa maji kinasaidia. Vifurushi vya maji ya chumvi na sukari vya hospitali, vile vya kuharisha. Maji safi. Kanga tatu. Tochi. Sabuni. Hela ya nauli ambayo haiguswi hata sukari ikiisha. Na kikombe na kijiko.

Tatu, mtoto. Wa chini ya miezi sita anayenyonya, endelea kumnyonyesha, hata kwenye joto hahitaji maji, mpe ziwa mara nyingi, na wewe mama ndiye unywe maji. Msiwaamini wanaosema maziwa yanakata kwa hofu. Hofu inayachelewesha tu kutoka, mtoto akiendelea kunyonya yanarudi. Kama anatumia maziwa ya kopo, beba maji yaliyochemshwa na mnyweshe kwa kikombe, chupa hutaweza kuisafisha njiani. Kichanga kikipata baridi, mvue nguo za maji, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike wote. Pampasi kavu masaa sita, utosi kubonyea, kulegea, kukataa kunyonya: usisubiri asubuhi, tafuta kituo cha afya.

Nne, mjamzito wa miezi minane na kuendelea, ukisikia tahadhari ya kwanza, wewe ndiye wa kwanza kuondoka. Sogea karibu na hospitali kabla barabara haijakatika.

Tano, maji. Usivuke maji yanayokimbia ukiwa na mtoto mgongoni. Sentimita 15 tu za maji ya kasi zinamwangusha mtu mzima. Upepo ukinyamaza ghafla katikati ya kimbunga, usitoke, inaweza kuwa ni jicho lake, linapita na upepo unarudi kutoka upande mwingine. Na yakishapungua, chemsha kila tone la kunywa, kipindupindu huwa kinakuja nyuma ya mafuriko.

Sita, nendeni mapema. Yule dada wa 2008 hakuwa na ujasiri kuliko wa 2005. Alikuwa ametangulia siku mbili, basi.

Na ukihama, halafu kimbunga kikageuka, ukarudi ukakuta kuku wako wapo na maua yamesimama, majirani wakacheka, wacheke. Mwambie mwanao aje akusaidie kufungua begi, mrudishe vitu, mbadilishe maji, mliweke tena nyuma ya mlango.

Tulipofika Mtwara stendi nilimsaidia yule dada kushusha mizigo. Nikamuuliza yule mtoto wa miezi minne yuko wapi siku hizi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Dar. "Ana miaka ya kuoa sasa," akasema. "Ananiita mwoga. Namwambia, niite tu, mwanangu."

Mimi kesho nina zamu ya asubuhi. Nimeshaongea na wenzangu wa wodi: kabla ya msimu ujao tutakuwa na karatasi moja ukutani, majina ya sehemu za kwenda na namba za simu za wenye funguo, na hakuna mzazi atakayeruhusiwa siku ya tahadhari bila kuulizwa analala wapi. Ni karatasi tu. Lakini mwaka 2019 sikuwa nayo.

Niandikieni hapo chini, mtaa wenu unahamia wapi? Kama hujui, andika "sijui". Tuone tuko wangapi, halafu kesho kila mmoja akamuulize mwenyekiti wake.

Usiku mwema. Mada ya matiti ni wiki ijayo, sijasahau.